Jinsi nilivyotatua tatizo la mbuzi kuzidiwa na nusukaputi

Mbuzi jike wa kilo 30, aliyeletwa Tabora mjini kushonwa ngiri, alilala upesi mno: nilimchoma dawa za kulaza, zailazini na ketamini, kwenye mshipa, nikampitishia mrija kwenye koromeo, kisha nikafungua aisoflureni, gesi ya usingizi, kwa asilimia 3 kana kwamba hakupata sindano yoyote. Punde pumzi zikawa chache na fupi, na ufizi wake wa waridi ukageuka kijivu.

Nilifunga gesi ya usingizi, nikaacha oksijeni peke yake, nikawa naminya mfuko wa hewa kwa mkono mpaka rangi ikarudi. Msaidizi akapitisha mpira hadi tumboni kutoa gesi iliyokuwa ikisukuma kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu.

Kosa lilikuwa langu. Zailazini, ambayo mbuzi huathirika nayo kuliko farasi, hupunguza kiasi cha gesi kinachohitajika. Kwa mbuzi aliyefuata, niliyemnyima majani tangu jana yake, nilitumia miligramu 0.05 za zailazini na 5 za ketamini kwa kila kilo, nikaanza na asilimia 1 ya gesi, nikiipandisha kidogo kidogo kwa kutazama kope, dalili ya kina cha usingizi. Kichwa nilikiinamisha ili mate, ambayo kwa mbuzi hayakomi, yachuruzike nje.