Mlango wa Duka na Dhamiri ya Mwenye Duka

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Tafakari ya wiki hii imetokana na swali la ndugu yetu mmoja anayekodisha maturubai, viti na spika maeneo ya Buzuruga. Majirani zake Waislamu walimwendea wakitaka viti na turubai kwa ajili ya Maulidi, naye, kwa kuhofia kwamba atakuwa ameshiriki ibada isiyo yake, akawajibu kuwa vifaa vyote vimeshachukuliwa siku hiyo. Havikuwa vimechukuliwa. Sasa anauliza kama alitenda sawasawa, na ninaamini wenye biashara wengi miongoni mwetu wamewahi kujiuliza jambo hilo hilo.

Tusome 1 Wakorintho 10:23-33. Huko Korintho nyama iliyotolewa kwa sanamu ilifika sokoni na kuuzwa pamoja na nyama nyingine, na waamini walikuwa na wasiwasi. Mtume Paulo anawaambia wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Lakini mtu akiwaambia wazi kwamba nyama hii imetolewa sadaka, wasile, kwa ajili ya huyo aliyewaambia. Kisha anaeleza kwamba dhamiri anayoitaja hapo ni ya yule mwingine. Naomba tutulie kidogo kwenye neno hilo, kwa sababu siku hizi tukitaja dhamiri katika biashara huwa tunaanza na yetu na kuishia na yetu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kwenda Korintho kutafuta mfano. Mgogoro wa nani achinje nyama inayouzwa kwa watu wote uliikumba mikoa ya Mwanza na Geita, na mwezi Februari 2013, huko Buseresere, vurugu zilimtoa uhai mchungaji. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa kwamba anayechinja ni Mwislamu, ili nyama ya buchani iweze kuliwa na kila mteja. Mkristo aliyeona hapo kuna upendeleo hakuwa akisema upuuzi, maana riziki ya mchinjaji au ya mwenye bucha haipaswi kutegemea dini yake. Hata hivyo, Paulo angetuuliza ni dhamiri ya nani inayoumia: Mkristo anaweza kula nyama iliyochinjwa na jirani yake bila kuvunja amri yoyote ya imani yake, ilhali jirani huyo huenda asiweze kusema hivyo kwa nyama iliyochinjwa na Mkristo. Mimi naona kwamba anayeweza kulegeza pasipo kumkosea Mungu ndiye anayepaswa kulegeza kwanza, na damu iliyomwagika Buseresere inatudai tuseme hivyo bila kumung'unya maneno.

Je, muuzaji hana haki ya kushika imani yake dukani? Anayo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini, ingawa ibara ya 30 inakataza kuutumia uhuru kwa namna inayoingilia haki za wengine. Tazameni ndugu zetu Wasabato wanaouza samaki katika soko la Mwaloni Kirumba. Mezani kwa mmoja wao utakuta sato na sangara, lakini hutakuta kambale, kwa sababu Mambo ya Walawi sura ya 11 inakataza samaki asiye na magamba. Na Jumamosi meza imefunikwa, hata kama siku hiyo wanunuzi wamejaa. Hakuna mteja anayeonewa hapo. Kambale hauzwi kwa yeyote, na hasara ya Sabato anaibeba mwenye meza mwenyewe. Ndivyo alivyofanya Danieli katika Babeli: aliomba mboga na maji kwa ajili yake na wenzake, akakubali kujaribiwa siku kumi, wala hakudai jikoni la mfalme lifungwe.

Mambo hubadilika pale ambapo kitu kinauzwa kwa watu wote isipokuwa watu fulani. Huko Marekani, mmiliki wa migahawa ya nyama ya kuchoma iliyoitwa Piggie Park, katika jimbo la South Carolina, alikataa watu weusi wasiketi kula kwake, na baada ya sheria ya mwaka 1964 kukataza ubaguzi huo, alijitetea kwamba imani yake haimruhusu kuchanganya rangi. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ilisema utetezi huo hauna msingi hata kidogo. Inaniuma kila ninapokumbuka kwamba mtu huyo alisimama mahakamani na jina la Mungu mdomoni. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, mahakama hiyo hiyo ilimpa ushindi mwoka keki wa Colorado aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili, lakini sababu ilikuwa kwamba tume ya jimbo haikuiheshimu imani yake iliposikiliza shauri. Swali kubwa la wapi mpaka upite kati ya imani ya muuzaji na haki ya mteja halikujibiwa siku ile.

Nikirudi kwa ndugu yetu wa Buzuruga, viti vyake vimekaliwa kwenye misiba, mahafali, mikutano ya kampeni na harusi za kila dhehebu, na hajawahi kuhesabiwa kuwa ameshiriki yote yaliyosemwa pale. Kama angeombwa asimame mwenyewe kwenye spika na kutamka sifa asizoziamini, angekuwa na haki ya kukataa kwa upole, na majirani wangemwelewa. Kukodisha kiti si kutamka. Na kinachonisumbua zaidi ni ule uongo. Kama dhamiri ndiyo iliyomzuia, mbona hakuweza kuitaja mbele ya wenye shida?

Namshauri aende kwa majirani hao mapema wiki hii, awaeleze ukweli, na kama bado wanahitaji viti awakodishie kwa bei ile ile anayowatoza watu wa kanisani kwake. Wengine wenye maduka, bodaboda na migahawa, wasome sura ya 8 hadi ya 10 ya waraka huo wa kwanza kwa Wakorintho kabla hatujakutana, nami nitapokea maswali yao, hasa la mwajiri anayewalazimisha wafanyakazi wa imani nyingine kuhudhuria maombi ya asubuhi, ambalo linahitaji siku yake.