Nilivyochagua leva ya gia ya Camaro ya otomatiki hapa Tanga

Camaro ya 1979, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, gia boksi TH350: gia tatu za mbele, mpangilio P-R-N-D-2-1 (P kuegesha, R kurudi nyuma, N huru, D kwenda mbele, 2 na 1 gia za chini). Niliandika hayo kabla ya kutazama picha ya leva yoyote, maana leva ya 700R4, gia boksi yenye gia nne, vituo vyake haviendani na TH350. Kama hujui gia boksi yako, ingia chini uhesabu bolti za sampu, yaani trei ya oili iliyo chini ya gia boksi. 700R4 ina 16. TH350 ina 13, na sampu yake ni mraba uliokatwa kona moja. TH400, gia boksi nyingine ya gia tatu, nayo ina 13 lakini umbo lake halina mpango.

Leva ya racheti inavutia: unasukuma mara moja, inaingia gia moja, huwezi kupitiliza. Kwa mashindano ya robo maili, hewala. Lakini kugeuza gari Ngamiani, bajaji mbele na mkokoteni nyuma, ni R, D, R, D, na racheti inakubofyesha kila mara. Nikachukua ya geti, ambayo njia yake ina kona na kila gia ina pahala pake. Kushuka Lushoto kwenda Mombo natoa D naweka 2 bila kutazama. Kona ya geti inanizuia kuteleza hadi 1. Kizuizi cha R, cha kukuzuia usiingie R kwa bahati mbaya, lazima kiwepo, leva iwe ya aina yoyote.

Kebo inayounganisha leva na gia boksi ndiyo inayoharibu kazi. Nyingi huja na urefu wa futi 5, nyingine zikitokea mbele ya leva, nyingine nyuma. Pima njia kabla ya kulipa. Mkunjo wake uwe mpana kama sahani ya pilau, na ukae mbali na ekzosi, la sivyo ganda la plastiki linayeyuka na leva inakuwa nzito siku ile ile. Bano la kebo hufungwa kwenye bolti mbili za sampu. Tumia zile ndefu zilizokuja na leva, ukaze kwa kiasi, kwani gasketi ikibanwa kupita kiasi oili itachuruzika. Bolti hizo vichwa vyake ni vya nusu inchi. Spana namba 13 inashika, ila inavila. Nunua ya inchi.

Kuseti nilianzia P. Gari juu ya stendi, magurudumu ya nyuma hewani, nikasukuma mkono wa gia boksi hadi propela shafti ikagoma kuzunguka. Leva nayo ndani ikae P. Kisha unazungusha kichwa cha kebo mpaka pini iingie yenyewe, ukiilazimisha, umekosea. Pita vituo vyote ukisikiliza mlio wa gia boksi kule chini, si wa leva. Gia boksi ikisimama katikati ya vituo viwili, vali inafunguka nusu, presha inashuka, klachi zinateleza na kuungua. Utaijua kwa oili: nyeusi, inanuka moshi.

Swichi ya usalama nayo ijaribiwe, mguu ukiwa kwenye breki: stata izunguke P na N tu.

Kwa wanaokaa Raskazone, kando ya bahari: chumvi ya bahari huila pini ya kebo kwanza. Grisi, na kofia ya mpira juu yake.