Pishi Nein

Juzi harusini Wete, kule nyuma kwenye masufuria, kijana mmoja aliyekuwa akipakua pilau alihesabu sinia kwa sauti ya puani, kama mgeni aliyeshuka boti asubuhi ile: "Sinia saita! Sinia seiba! Sinia nein!" Watu wakavunjika mbavu. Nikamuuliza kaipata wapi sauti hiyo. Hajui. Anasema kwao wote huhesabu hivyo wakitaka kuchekeshana. Akaniuliza yeye, "Kwani mjomba, nani alianza?" Mama yake alikuwa akipita na ndoo ya maji, akajibu bila ya kusimama: "Muulize huyo huyo mjombako."

Aliyeanza ni simu ya Ami, ami yangu aliyekuwa akiwapimia wachumaji wa karafuu.

Mnaomjua Ami mnalijua na daftari lake, lile la gamba gumu, kurasa zimekuwa kahawia kwa utomvu na mikono ya watu. Jioni za msimu wachumaji walikuwa wakirudi na vikapu na mapakacha yao, wakakaa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, kisha mmoja mmoja akapimiwa kwa pishi, na kila pishi ina malipo yake. Ami anapima, Ami anaandika. Maandishi yale anayasoma Ami peke yake. Na wanawake wazima pale, wengine wakiwa hawakusoma chochote ila msahafu, walikuwa na hesabu zao pembeni: huyu anafunga fundo kwenye ncha ya kanga kwa kila pishi, yule anatia kokoto kwenye kifuu. Siku ya malipo fundo zinasema tano, daftari linasema nne. Tena mbele ya watu.

Mwaka ule nilikuwa likizo kutoka Unguja. Nikisomea uuguzi, si kompyuta. Hata leo nikionyeshwa mistari ya programu naiona kama maandishi ya mganga. Lakini mwenzangu wa chumbani alikuwa amenionyesha App Inventor, kitu kilichoanzia Google na kutolewa kwa watu mwaka 2010, kisha kikahamia chuo cha MIT kule Marekani, na mtu huweza kukitumia bure kwenye kivinjari. Huandiki amri. Upande mmoja unapanga sura ya programu: kitufe hapa, sehemu ya kuandika pale. Upande wa pili unaunganisha vipande vya rangi. Kipande cha njano kinasema "kitufe kikibonyezwa", ndani yake unachomeka cha zambarau kinachosema nini kifanyike. Visivyopatana havishikani, ukivilazimisha vinaachana. Basi hapo tu palinitoa woga.

Nilikaa nayo barazani kwa laptopu ya kuazima, intaneti ikitoka kwenye simu ya dada. Unaweka programu yao iitwayo Companion kwenye simu, unapiga picha ile alama ya miraba iliyo kwenye skrini, na kila unachobadilisha kwenye kompyuta unakiona papo hapo mkononi, madhali vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja. Yangu ilikuwa na orodha ya majina, sehemu ya kutia idadi ya pishi, na kitufe kimeandikwa WEKA. Basi. Hesabu zilihifadhiwa na kijenzi, yaani kifaa kilichokwisha tengenezwa ndani ya App Inventor, kiitwacho TinyDB: unampa jina, anakurudishia namba ya jina hilo. Wanaoanza hukwama hapa, kwa hiyo nitalisema: mchumaji mpya hana namba, na usipomwambia TinyDB arudishe sifuri, atarudisha maandishi matupu, na programu itakataa kujumlisha pishi tatu na utupu. Ukimaliza unapata faili moja unalilisha simu kwa Bluetooth, unairuhusu simu kupokea programu isiyotoka dukani, na kuanzia hapo huhitaji tena intaneti. Jambo kubwa hilo, maana kule shamba mtandao unaufuata juu ya mkarafuu.

Sauti niliitia mwisho, na niliitia kwa ajili ya mafundo ya kanga. Nikasema kama tatizo ni kusoma, basi simu isome yenyewe. Ni kipande kimoja tu cha kusemea: ukibonyeza WEKA, simu itaje jina na idadi, namba nikiwa nimeziandika kwa maneno ya Kiswahili, na pembeni nikatia kitufe cha kurudia. Jina la kijenzi hicho ni TextToSpeech, na husema kwa lugha zilizomo ndani ya simu. Simu ya Ami ilikuwa na Kiingereza.

Jioni ile siisahau. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita, majamvi ya karafuu zilizoanikwa yamekunjwa kwa haraka, watu wamejibana chini ya paa la makuti mbele ya nyumba. Ami kakaa kwenye kibao chake, debe la pishi baina ya miguu, simu juu ya goti. Mimi nimesimama nyuma yake kama mpambe wa bwana harusi. Akapima wa mwanzo, akaandika, akabonyeza.

"Beibi Mei-dogo. Pishi nein."

Kimya. Halafu Bibi Mdogo mwenyewe akauliza, "Nani huyo anayeniita?" Pakawa hapakaliki. Watoto wakaja mbio kutoka uani. Ami, ambaye hacheki ovyo, alikuwa anafuta machozi kwa kikofia. Akabonyeza tena kusudi isikike, simu ikarudia, na bahati nzuri hesabu nilikuwa nimeitenganisha na kitufe cha kurudia, la sivyo Bibi Mdogo angeondoka na pishi kumi na sita.

Ndipo yule bibi wa mafundo akasogea. Akapimiwa. Simu ikasema "pishi saita". Akainamisha kichwa, akafungua ncha ya kanga fundo moja moja, midomo inatembea, mpaka akafika la sita. Akalikunjua, akanyoosha kanga pajani. "Haya," akasema. "Leo daftari halikunila." Kwa muda niliona mie ndiye mtu muhimu kuliko wote Pemba nzima.

Kisha Shangazi. Si shangazi yangu peke yangu, kila mtu pale akimwita hivyo. Mkono wa Shangazi kwenye mkarafuu hauna mfano. Ngoeko yake ikivuta tawi, tawi linarudi jepesi. Alikuwa akichuma shamba la mbali kidogo na wenzake na daima akipimiwa akiwa katikati ya mazungumzo, huku watu wanasema mambo mengine, na Ami anaandika bila ya kutaja kitu. Siku ile kila mtu alikuwa kimya akingoja simu iseme. Ami akaongeza sauti.

"Shengezai. Pishi kyumi nei saba."

Hakucheka mtu. Waliomfuata walikuwa na tisa, nane. Mmoja, msichana aliyekuja kuchuma kwa mara ya kwanza, alikuwa na mbili. Macho yote yakamgeukia Shangazi, na yeye akajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso kana kwamba baridi imeingia.

"Semeni mashaallah basi," akasema. "Mnanitazama tu."

Wakasema, kwa kuchelewa. Akanigeukia mimi, sauti chini: "Mwanangu, nani kakutuma unipigie mbiu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiria wasiojua kusoma na ugomvi wa siku ya malipo. Kijicho sikukifikiria, ingawa nimezaliwa papo hapo na nilifungwa hirizi kama watoto wenzangu.

Usiku nikamwambia Ami nitaitoa sauti, ni kuvuta kipande kimoja tu. Akakataa katakata. Nikamtilia kisanduku cha kuweka alama: ukiweka, inasema, ukitoa, inanyamaza. Alikiweka alama na hakukigusa tena msimu mzima. Bibi wa mafundo naye akaapa kwamba simu ikinyamaza yeye hachumi. Na sijasema bado kuhusu debe lenyewe: simu ilikuwa ikijua idadi ya pishi, haikujua kama pishi imefutwa kwa kiganja ikawa sawasawa na mdomo wa debe au imeachiwa kilima juu. Ugomvi wote uliotoka kwenye namba ulihamia kwenye kile kilima.

Nikiulizwa kama sauti ile ilikuwa kheri, natafuta upande wa kusimama na siupati. Kuna mtu aliamini hesabu ya mwenzake kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Na kuna mtu alipokonywa pazia ambalo hakuna aliyekuwa akiliona. Vitu vya kujifunzia programu hizi vinakufundisha vizuri namna ya kuifanya simu iseme. Nani atakuwa amekaa karibu akisikiliza, hilo halimo kwenye vipande. Labda haliwezi kuwamo.

Ami alikuja kubadilisha simu, na namba hazikuhama, maana TinyDB hukaa ndani ya simu ile ile. Hakujali. Msimu ulikuwa umeshalipwa.

Lakini Shangazi alikuwa ameshajitafutia dawa kabla ya sisi sote. Siku chache baada ya jioni ile, orodha ya Ami ilianza kuota majina. Shangazi akawa anapimiwa pishi sita, saba, wa kawaida kabisa, hageuziwi jicho. Nyuma yake simu inamtangaza Mjukuu, pishi tano. Nyuma ya Mjukuu, Mkwe, pishi sita. Mkwe alikuwa Tanga.

Siku ya malipo Ami aliita kwa kufuata orodha, akimpa kila mtu chake mkononi, kama desturi yake. Alipofika kwa Mjukuu akanyanyua kichwa na kuita kwa sauti kubwa. Shangazi akamsukuma mbele mtoto wa miaka minne, kanzu imemburura, hajawahi kupanda hata mpera. Mtoto akanyoosha mikono yote miwili. Ami akamhesabia noti moja moja, uso mkavu, akamwambia, "Kazi nzuri, bwana. Msimu ujao usikose." Kisha akauliza Mkwe yuko wapi, na Shangazi akajibu kwamba kaenda kukoga, hela zake zipite mkononi mwake yeye. Ami akampa. Mpaka leo sijajua nani pale alikuwa akimficha nani.