Kanhai Alikuwa Pale

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimelia kwa sababu ya bahasha.

Baba yangu anahudhuria kliniki ya sukari. Jumanne ilikuwa zamu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kumpeleka kwa bajaji yake. Alikuwa ameshamkumbusha mzee asile kitu tangu usiku, na kadi pamoja na majibu ya vipimo ameviweka kwenye bahasha ya kaki. Mimi usiku ule sikulala. Nikajisemea: huyu atachelewa, foleni ya Kimara ataiweza wapi, atamwacha mzee juani. Saa kumi na moja alfajiri nikaomba ruhusa kazini, nikakodi gari, nikampitia baba kabla mdogo wangu hajafika. Hata simu sikumpigia. Tulipofika dirishani tukaulizwa kadi. Kadi ilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa kwa mwenye zamu.

Nilipompigia, alikuwa amesimama getini kwa baba, bahasha mkononi. Akasema tu, "Sawa, dada, naileta." Mpaka anafika mjini, namba za siku ile zilikuwa zimekwisha. Baba alikaa na njaa hadi saa tano na hakupimwa.

Njiani kurudi mzee alinyamaza muda mrefu. Tulipovuka Ubungo akanigeukia, akasema, "Mwanangu, Kanhai alikuwa pale."

Niwaeleze, maana wengi wenu hamumjui Kanhai. Baba alifanya kazi miaka mingi ya kutunza kiwanja cha kriketi hapa Dar es Salaam: kumwagilia, kufyeka, kusukuma rola. Kwa wengi wetu kriketi ni watu wa nguo nyeupe unaowaona kwa mbali ukipita Gymkhana. Kwetu ilikuwa hadithi ya baada ya chakula cha usiku, na hadithi ya Wes Hall tuliijua kama tulivyoijua ya Daudi na Goliathi.

Wes Hall ni mtu wa Barbados, mrushaji wa kasi wa West Indies, timu ya nchi za Karibiani. Katika mechi 48 za Test, zile za siku tano, aliwatoa wapigaji 192. Alianza mchezo akiwa mpigaji na mdakaji wa nyuma ya vijiti, vile vitatu anavyovilinda mpigaji, kurusha kulikuja baadaye. Alikuwa akianzia mbio zake mbali sana, msalaba ukirukaruka shingoni, na baba alikuwa akiinuka kwenye mkeka kutuonyesha.

Mwaka 1960, tarehe 14 Desemba, pale Brisbane, West Indies wakicheza na Australia, Hall alipewa ova ya mwisho, yaani awamu ya mrushaji mmoja kurusha mipira yake. Siku hizo Australia ova ilikuwa na mipira minane. Australia walihitaji mikimbio 6, yaani pointi 6, kushinda, na wapigaji wao watatu tu ndio waliobaki kutolewa. Hall alikuwa amerusha sana siku ile, na mpaka mechi inakwisha alikuwa amewatoa watu watano katika zamu ile peke yake. Nahodha wake, Frank Worrell, alimwonya asirushe mpira wa kuruka juu. Akaurusha. Benaud, nahodha wa Australia, akaupiga vibaya, ukadakwa, akatoka. Neema tu.

Kisha Grout, mpigaji wa Australia, akaupiga mpira ukapaa juu angani. Rohan Kanhai wa West Indies alikuwa chini yake, ametulia, mikono tayari. Mpira ulikuwa wake. Lakini Hall, mwili bado una moto wa kurusha, akatoka mbio, akaruka mbele ya mwenzake, akaugusa, ukamponyoka. Baba akifika hapo alikuwa anakaa kimya. Sisi watoto tunangoja.

Wapendwa, hapa ndipo Roho aliponishika ndani ya lile gari. Hall hakuwa mvivu. Hakuwa mtu asiyejali. Hakuna aliyejali kuliko yeye uwanjani jioni ile, na kujali kwake ndiko kulikomwangusha. Mimi nimekuwa nikitubu uvivu na hasira, na sijawahi hata siku moja kutubu bidii. Nani anatubu bidii? Bidii tunaitolea ushuhuda! Nimempenda baba yangu kwa namna ya kumnyang'anya ndugu yangu nafasi ya kumpenda baba yake. Hiyo ni dhambi, naiita kwa jina lake.

Na sasa niseme na ninyi, mnisamehe, maana tunajuana. Dada unayeongoza maombi, ukashika na maikrofoni, ukakusanya mchango, na sufuria la pilau usitake mtu aliguse, kisha Jumapili unalalamika kwamba kanisani hapa watu hawajitumi: watajituma wapi? Umesimama mbele yao! Kaka, kijana uliyempa kufundisha jumuiya Alhamisi, ukamkatiza dakika ya tatu ukamalizia mwenyewe, unajua kwamba hajarudi? Mama, huyo binti atajifunzaje kuuguza kama kila mara unamwambia "leta, utaniharibia"? Musa mwenyewe aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na Yethro hakumpongeza. Alimwambia jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu pia. Nimesoma Kutoka 18 miaka yote nikimwonea Musa huruma kwa uchovu. Wiki hii nimewaona wale watu, wamesimama kutwa nzima juani kwa sababu mtu mmoja mwema hataki kugawa kazi.

Paulo naye alisema yeye alipanda, Apolo akatia maji. Alimtaja Apolo kwa jina.

Turudi Brisbane, maana haikuishia pale. Meckiff, mpigaji mwenzake Grout, akaupiga mpira mbali upande wa kushoto wake, wakakimbia wawili, wakataka wa tatu. Conrad Hunte wa West Indies akautupa kutoka mbali kabisa ukafika kwenye vijiti kabla ya Grout, Grout akatolewa. Matokeo sasa sawasawa. Worrell akamkumbusha Hall asivuke mstari anaporusha, maana kosa hilo lingewapa Australia mkimbio wa bure. Hall akarusha. Mpigaji akaupiga, wakakimbia, mpira ukaenda kwa Joe Solomon wa Guyana, wa West Indies pia, mtu mkimya, aliyesimama pembeni kiasi kwamba mbele yake alionekana kuwa na kijiti kimoja tu cha kulenga. Akakipiga kabla mkimbiaji hajafika, na mpigaji wa mwisho akatoka. 737 kwa 737, sare kamili ya kwanza tangu mechi za Test zianze mwaka 1877. Na dakika chache kabla, mkono huohuo wa Solomon ndio uliomtoa Davidson, aliyekuwa na mikimbio 80 na kukaribia kuwavusha Australia.

Hall baadaye aliingia siasa akawa waziri kwao, kisha akawa mchungaji. Malcolm Marshall, mrushaji mwenzake wa Barbados, alipofariki kwa kansa mwaka 1999, Mchungaji Hall ndiye aliyehudumu mazishini.

Jumatano jioni nilikwenda Kimara kwa mdogo wangu, nikamwomba msamaha mbele ya mke wake. Akacheka, akanikatia embe. Hakusema ameumia, ila aliniuliza, "Dada, kwani mimi nimewahi kumchelewesha?" Hajawahi. Nilikumbuka miezi yote, hajawahi.

Wamempangia mzee Jumanne ijayo. Bahasha iko kwa mdogo wangu. Naomba mniombee saa kumi na moja alfajiri nitakapoamka na kutamani kushika simu.