Mama, ushakunywa kahawa?

Ni Ijumaa usiku, watoto wamelala, na bado naisikia sauti ile. Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chali chumbani, pazia limefungwa, kitambaa chenye maji baridi kiko juu ya macho. Mlango ukafunguka kidogo, kadiri ya kiganja kupita. Kitindamimba wangu akauliza:

"Mama, ushakunywa kahawa?"

"Bado, mwanangu."

"Basi nitarudi."

Akaurudisha mlango polepole mno. Nilimsikia akishusha kitasa kwa mikono miwili ili kisilie.

Hayo tu. Juma zima limepita, ofisi imehamia jengo jingine, wenzangu watatu wamepewa barua za kuachishwa kazi, mama amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumanne, na mimi kinachoninyima usingizi ni maneno mawili ya mtoto wa miaka saba. Basi nitarudi.

Angelalamika ningejua la kumjibu. Angelia ningeinuka hata na kichwa changu kile. Hakuwa na kinyongo wala haraka. Alisema kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa na anajua saa ya kufunguliwa. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba amezoea. Nimejaribu kukumbuka alijifunza lini kuwa kabla ya kahawa mama yake hayupo, na sikuhitaji kurudi mbali. Nilijiona asubuhi yoyote ile, nimesimama kando ya jiko, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeinua kidole: "Ngoja kwanza ninywe." Sijawahi kulisema kwa ukali. Lakini nimelisema kila siku tangu ajue kutembea, na mtoto hahitaji ukali ili aelewe.

Na liliniingia zaidi kwa sababu siku ile nilikuwa najiona nimeshinda. Mliokuwa nami tangu daktari aliponiambia madini ya chuma mwilini yamepungua mnajua nilivyobadilisha sahani yangu. Miezi miwili sasa: vitu vya kukaanga nimepunguza, sukari nimepunguza, maharage na mboga za majani karibu kila siku, tunda badala ya biskuti. Nguo zimelegea kiunoni, usingizi wa mchana umepungua. Nikaitazama kahawa nikaona imebaki yenyewe, doa la mwisho. Alhamisi saa kumi jioni nikanywa kikombe nikasema hiki ndicho cha kufunga kazi. Hakuna aliyenishauri. Nilidhani mwili uliokwisha kuzoea chakula safi utanishukuru.

Ijumaa asubuhi ilikuwa uzito tu, kama kofia inayobana. Nikapiga miayo mkutano mzima. Mchana nikaona labda ni njaa, nikala vizuri. Labda ni maji, nikanywa chupa mbili kubwa. Kufika jioni kichwa kilikuwa kinapwita nyuma ya macho kwa kila pigo la moyo. Nikiinama kuokota kiatu cha mtoto, sakafu ilikuwa kama inapanda kunipiga. Kijiko kikigonga sahani nilikisikia kwenye meno. Na huzuni pia, ambayo sikuitarajia: nililia kwa ajili ya barua pepe ya kawaida kabisa ya kuomba risiti.

Usiku nikameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu nilivyovikuta kabatini. Nikapata nafuu, nikajisifu. Jumamosi nikaamka kimerudi vilevile. Ndipo nikachukua pakiti nikaisoma: parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65, kwa kila kidonge. Yaani usiku ule niliodhani naifunga kafeini, nilikuwa nimemeza miligramu 130 zake, zaidi ya kikombe cha kawaida cha kahawa. Nawaomba sana, someni pakiti. Dawa hizi za mchanganyiko zinasaidia kweli, lakini mtu akizitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, zenyewe zinaweza kugeuka chanzo cha maumivu ya kichwa.

Basi nilikuwa katika hali hiyo, kitambaa machoni, ndipo mlango ukafunguka. Tangu saa kumi jioni ya Alhamisi hadi saa nne asubuhi ya Jumamosi ni saa 42. Nimezihesabu mara nyingi kwa sababu Dada, yule nesi, aliponipigia mchana ule alianza kwa kuzihesabu. Maumivu ya kuacha kafeini huanza baina ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, yakawa makali kabisa kati ya saa 20 na 51, na yanaweza kuendelea kwa siku 2 hadi 9. Nilikuwa katikati ya moto, naye mtoto akaja kubisha hapo hapo.

"Mdogo wangu," Dada akasema, "nani alikutuma uache kwa siku moja?"

Akanieleza kwa namna yake ya kueleza mambo ya mwili kama anaeleza habari za majirani. Kadiri tunavyokuwa macho, ubongo hujikusanyia kitu kiitwacho adenosini. Kinakaa kwenye viti vyake, nasi tunasikia uchovu. Kafeini ina umbo linalofanana nacho, kwa hiyo huwahi viti vile ikakaa, na uchovu ukakosa pa kukaa. Ubongo si mjinga. Ukiona kila siku viti vimekaliwa na mgeni, unaongeza vingine. Siku mgeni asipokuja, adenosini inakuta viti vingi kuliko zamani, vyote vitupu. Hapo hapo mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini huwa inaibana, inatanuka, damu inapita kwa wingi, nawe unausikia kila mpwito. Na si lazima uwe mnywaji mkubwa. Miligramu 100 kwa siku, ambazo ni kama kikombe kimoja, zinatosha kumzoesha mtu.

Mimi sikuwa wa kikombe kimoja. Kikombe changu kile kikubwa cha bluu kinachukua kama kikombe na nusu cha kawaida, nami nilikuwa nakijaza mara nne. Kikombe cha kawaida cha kahawa ya kuchuja, kama robo lita, kina miligramu 95 hivi. Piga hesabu, zinafika 570. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na mjamzito hadi 200. Nilikuwa nimevuka muda mrefu, huku nikipima mafuta kwa kijiko cha chai.

Kisha Dada akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, na hapa nina dukuduku la kweli. Aliuliza kahawa nainywa saa ngapi. Nikamwambia: ya kwanza na kifungua kinywa, ya tatu mara tu baada ya chakula cha mchana. Akanyamaza kidogo. "Na hayo maharage na mboga unakula mchana?" Ndiyo, mchana. Kumbe vitu vilivyomo kwenye kahawa, na kwenye chai vilevile, hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye mimea, mwili ukashindwa kuyachukua vizuri. Miezi miwili nakula kwa bidii kisha namimina kahawa juu yake. Nilipewa orodha ndefu ya vyakula, na kwenye orodha ile hapakuwa na mstari mmoja wa kusema subiri saa nzima baada ya kula ndipo unywe. Ningeusoma. Mimi ni mtu wa kusoma orodha. Sasa kahawa nimeitenga na chakula kwa zaidi ya saa moja, na mahali pake pembeni ya maharage nimeweka chungwa, kwa kuwa vitamini C inasaidia madini hayo kuingia.

Baada ya simu nilikunywa nusu kikombe. Sikujiona nimeshindwa, nilikuwa nimechoka kuumwa. Haikupita saa nzima, kile kilichokuwa kinanibana kikaanza kulegea, kwanza kwenye paji la uso, halafu nyuma ya shingo. Nikainuka nikaenda kumtafuta.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, shati lake la shule liko mapajani. Asubuhi alikuja na kifungo kilichokatika. Hakurudi, kwa hiyo alijishonea. Alitumia uzi mwekundu kwenye shati jeupe, mishono mirefu inayopishana, fundo kubwa kama punje ya mahindi. Na kwa kuwa shati alilitandaza gotini, sindano ilipita mbele ikatokea nyuma: kifungo kilishika kweli, ila kifua cha shati kilikuwa kimeshonewa mgongoni. Alikuwa anajaribu kupitisha mkono ndani aone pameziba wapi.

"Mama, imekataa kufunguka."

Tukafumua pamoja. Alinishikia kitambaa, mimi nikakata uzi kwa mkasi mdogo wa kucha, mshono mmoja mmoja. Kidole chake cha shahada kilikuwa na tundu mbili ndogo za sindano, damu imekauka. Sikumuuliza. Nilipotunga uzi mara ya pili akaomba auache ule mwekundu, nikauacha. Jumatatu alikwenda nao shuleni.

Ninapoandika hapa nagundua kuwa nafsi imetulia kidogo kuliko nilipoanza. Kwa kweli juma hili limekuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Tumeweka mpango, naye ndiye msimamizi. Sijaiacha kahawa na sitaki kuiacha. Naipenda harufu yake, naupenda ule ukimya wa kwanza wa nyumba, na sikubali tena kuwa mtu anayekula vizuri lazima aione kahawa kama uchafu. Napunguza kidogo kidogo, kama robo ya kiasi changu kwa juma. Kila asubuhi anapanda kiti, anachota vijiko vya kahawa halisi, kisha kimoja kutoka kwenye mkebe wa ile iliyotolewa kafeini, ambayo huwa imebakiwa na miligramu chache tu. Anasawazisha kila kijiko kwa mgongo wa kisu na ananong'ona hesabu. Hakuna punje inayozidi. Cha mwisho nanywa kabla ya saa nane mchana, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko kwenye damu, na mimi nilikuwa najiuliza kwa nini nageuka kitandani mpaka usiku wa manane.

Na jambo jingine limefunuka. Yale maumivu yangu ya Jumamosi, niliyoyaandika hapa mara ngapi sijui, nikiyaita uchovu wa juma? Siku za kazi nakunywa saa kumi na mbili na nusu, Jumamosi nilikuwa naamka saa nne. Saa tatu na nusu za ziada, na mwili unadai. Kesho nitaamka saa ile ile, ninywe kidogo, nirudi kulala nikitaka.

Jumatano alikuja tena asubuhi, nikiwa sijawasha hata jiko. "Mama, ushakunywa kahawa?" Nikasema bado, njoo. Akasimama mlangoni akinitazama usoni, kama mtu anayejaribu joto la maji kwa ncha ya kidole cha mguu. Kisha akaja akakaa. Alikuwa na habari ndefu ya rafiki yake na jino lililong'oka kwenye somo la hesabu, na nani alilipata, na nani alisema uongo kuwa ni lake. Kichwa kilikuwa kizito, sitadanganya, na kuna mahali nilipoteza nani ni nani. Lakini nilimsikiliza hadi mwisho, na maji sikuyachemsha mpaka alipomaliza.

Ila usiku, nyumba ikinyamaza, lile linarudi. Siku ile hakurudi, alijishonea. Na asubuhi nyingine zote? Ni mara ngapi alisema nitarudi, akaenda, na lile alilokuja nalo likamtoka njiani au akalimaliza mwenyewe kwa sindano na vidole? Nimetaka kumuuliza. Sijui mtoto anaulizwaje jambo kama hilo bila kumtwisha mzigo.

Ngoja niishie hapa. Matone ya jicho la mama ni mara nne kwa siku na la leo la mwisho ni zamu ya kaka, ambaye akilala hata radi haimwamshi. Mama hawezi kujitilia mwenyewe, mkono unatetemeka, na nesi alisisitiza ncha ya chupa isiguse jicho. Nimepiga simu mara mbili. Inaita tu.