Ngozi ya Mbuzi kwenye Drams za Premier

Nilipoanza kujifunza drams sikuwa na zangu. Nilipiga za kwaya ya kanisani, jioni, wenzangu wakishatawanyika na mlinzi hajafunga mlango. Nyumbani nilifanyia mazoezi kwenye ndoo za rangi. Aliyekuwa akinifundisha ndiye aliyeniambia, mwanzoni mwa 2011, kwamba pale Chuda, Tanga, kuna bibi anauza drams za marehemu mumewe. "Za zamani," akasema. "Za zamani kweli."

Bibi alinipokea barazani. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na nafanya kazi gani, ndipo akanipeleka stoo. Zilikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, zimefunikwa kanga kuukuu. Tulizitoa uani moja moja: dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, tomu ndogo ya inchi 12, tomu ya chini, inchi 16, yenye miguu mitatu, sinea (ile dramu fupi yenye nyuzi za chuma chini yake), stendi mbili, na toazi moja lililopasuka ukingoni. Nilipofuta vumbi ikatokea rangi ya kijani inayometameta, na kibati cha Premier.

Moyo ulinienda mbio. Jina hilo nilikuwa nimelisoma. Ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa London mwaka 1922, na Ringo Starr wa Beatles alipigia drams zake kabla hajahamia Ludwig, kampuni ya Marekani, mwaka 1963. Sikuwahi kufikiri nitaiona moja Tanga, tena ikiwa nzima.

Bibi alijua zilivyofika. Mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na drams zilikuwa mali ya klabu ya Wazungu wa shamba. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao alimuuzia. Yeye na wenzake wakaunda bendi yao ya shamba, wakawa wanapiga dansi Jumamosi za mwisho wa mwezi watu wakishalipwa. Zilikuwa enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga mjini, Tanga inasikika redioni nchi nzima. Bendi ya mumewe haikufika huko. Lakini watu wa shambani walicheza mpaka alfajiri, na mimi naona bendi za namna ile zimesahaulika bila haki, maana ndizo zilizowafundisha watu wengi kucheza dansi kabla hawajaliona jukwaa la mjini.

Nikaanza kuzipanga pale uani kama nilivyozoea kanisani. Bibi akanizuia.

"Hapana, mwanangu. Hiyo ndogo alikuwa anailaza kumwelekea. Zaidi. Hapo." Akaisogeza tomu ya chini kwa mguu wake mwenyewe. "Na kiti chake kilikuwa juu."

Hakuwahi kushika vijiti maishani, lakini alikaa miaka mingi meza ya mbele akimtazama mumewe. Nilivyoketi baada ya yeye kupanga, mikono yangu ilifika kila mahali bila kunyooshwa. Nazipanga hivyo mpaka leo.

Bei tulivutana. Alianzia laki sita, nami nilikuwa na laki tatu na nusu. Kuna mtu wa mgahawa alikuwa ameshafika bei, anataka ile dramu kubwa aiwekee kioo iwe meza. Nilimwambia Bibi ukweli wangu: nazitaka nizipige, na itanichukua muda kumaliza deni. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema laki nne na nusu, nyingine nitalipa mshahara ukitoka. Akarudi ndani, akatoka na kopo la Kimbo lililojaa bolti zilizozamishwa kwenye grisi. "Na hili uchukue. Alisema lisitenganishwe nazo."

Grisi ile iliokoa kila kitu. Hewa ya chumvi ya Tanga inakula chuma bila huruma, lakini zile bolti ziliingia zote kwa vidole. Kromu ya pete zinazobana mdomo wa dramu nayo ilitoka safi kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kilichokuwa kimekufa ni plastiki za juu, zile zinazopigwa, za tomu zote mbili, zimechanika katikati. Nikaagiza mpya Kariakoo, zikaja kwa basi, na hazikuingia. Ziligota kwenye mdomo wa tomu. Premier za miaka ile zilikuwa na vipimo vyao: tomu ya inchi 12 au 16 ilikuwa pana kidogo kuliko ya Kimarekani, na ni mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo kampuni ilipofuata vipimo vya wengine. Duka gani la Tanzania lingekuwa na plastiki ya kipimo kile?

Nikazipeleka tomu Makorora kwa fundi wa madufu, mzee aliyekuwa akiwamba matari ya maulidi. Aliigeuza tomu, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hii ni ngoma tu," akasema. "Inataka ngozi."

Alimtuma kijana wake kwa mchomea vyuma akakunje pete mbili za nondo nyembamba, zikae sawasawa na mdomo wa kila tomu, akazipaka rangi ili kutu isiozeshe ngozi. Ngozi ya mbuzi akailoweka mpaka ikalainika, akakwangua manyoya, akaitandaza juu ya pete, kisha akaanza kuuingiza ukingo wake chini ya chuma na kuurudisha juu kwa mpini wa kijiko, akizunguka taratibu. Tukafunga pete ya kromu juu yake, bolti zimeshikwa kidogo tu. Nilitaka kukaza. Akanishika mkono. Ngozi ikikaushwa huku imevutwa sana hupasuka, na juani ndiyo kabisa, hivyo tukaziacha kivulini chini ya mwembe wake.

Zilipokauka tukakaza, bolti moja na inayoikabili, moja na inayoikabili. Tomu ya chini ilitoa mlio mnene, mfupi, ambao plastiki sijaisikia ikiutoa. Fundi akacheka kwa furaha, akachukua vijiti vyangu akaviweka pembeni, akaipiga kwa viganja. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua kuuliza kuna shughuli gani.

Mara ya kwanza kuzipigia watu ilikuwa harusi ya mwenzetu wa kwaya. Masika yalikuwa yameingia, ngozi zimelegea kwa unyevu, kwa hiyo tulizipasha kwenye jiko la mkaa nyuma ya turubai kama wapiga madufu wanavyofanya. Bibi nilimwalika. Alifika amevaa doti mpya ya kanga, akakataa kiti cha wageni, akataka meza ya mbele.

Baada ya wimbo wa pili aliniita kwa mkono.

"Unakimbia," akaninong'oneza. "Watu wana viuno, wangoje."

Wimbo uliofuata nikaurudisha nyuma kidogo. Mpiga solo aligeuka kunitazama, kisha akanifuata.