Siku barafu ilipotufungia Mlango wa Lemaire

Asubuhi moja ya Januari, katika Rasi ya Antaktika, nilikuwa nagawa kahawa sitahani nahodha alipotangaza kwenye spika: Mlango wa Lemaire, mlango-bahari mwembamba tuliokusudia kuupita, umejaa barafu, hatupiti. Meli ikageuka taratibu, ikiliacha siwa barafu refu kuliko ghorofa za Mji wa Kale kwetu Mombasa. Nikajiandaa kwa malalamiko.

Nilikuwa na sababu. Kabla ya hapo nilihudumu vyumba kwenye meli kubwa ya starehe huko Karibiani, yenye kasino, mabwawa ya kuogelea na abiria zaidi ya 3,000. Kule ratiba ndiyo bosi. Siku upepo ulipotuzuia kutia nanga kisiwani, watu waliizingira mapokezi hadi usiku wakidai fidia, nasi wahudumu tukatukanwa utadhani sisi ndio tuliouleta upepo.

Hapa hakuna aliyedai chochote. Abiria, ambao hawakufika hata mia, walitoka nje mbio na darubini zao. Wengine walipanda hadi chumba cha usukani, ambacho mlango wake uliachwa wazi kwa ajili yao, wakatazama ramani ya barafu pamoja na nahodha. Kwenye meli kubwa nahodha nilimwona kwenye karamu tu. Kiongozi wa msafara akaeleza kwamba Mbelgiji Adrien de Gerlache alipita mlango-bahari ule mwaka 1898 na meli yake Belgica, akaupa jina la Charles Lemaire, Mbelgiji mwenzake aliyejulikana kwa safari za Kongo. Nilishtuka. Mtu wa Kongo ile ya mateso ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, jina lake limebandikwa kwenye bahari isiyo na mwenyeji! Hadi leo linanikera.

Mchana tukafika Neko Harbour, kwenye bara lenyewe. Utaratibu wa kule ni kwamba watalii wasizidi 100 nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu. Hupita ikitazama kwa mbali. Kwa hiyo udogo wa meli yetu ndio uliotufungulia ufuo. Kabla ya kushuka mara ya kwanza nilikuwa nimekaa sakafuni na profesa mmoja mstaafu, tukichokoa kwa pini mbegu za nyasi zilizonasa kwenye koti lake, moja baada ya nyingine, zisije zikaota kule.

“Kaka, vaa buti, nafasi ipo!” akaniita mwenzangu wa Tanga. Tukashuka kwa boti ya mpira. Pengwini mmoja alikuja na kokoto mdomoni, akapita karibu kabisa na miguu yangu, akaiweka kwenye kiota na kurudi kutafuta nyingine. Sisi tuliamriwa tukae mita tano kutoka kwao, lakini wao hawakuambiwa! Ghafla pande la barafu likamomonyoka ng’ambo ya ghuba kwa mshindo wa radi. Waongozaji wakatupigia kelele tupande juu upesi, na punde wimbi likafagia ufuo tuliokuwa tumesimama.

Tuliporudi melini, abiria na wahudumu tulipanga foleni moja kusugua buti kwenye beseni la dawa. Profesa alikuwa mbele yangu, amelowa, akiuliza kesho tutajaribu wapi.

Mkataba ulipokaribia kwisha, niliitwa nirudi Karibiani kwa cheo kikubwa zaidi. Nilijibu siku hiyohiyo: naomba msimu mwingine wa Antaktika.